Vidole vya Dobi

Mtaani walimwita Dobi. Binti yetu alipoanza shule aliulizwa jina la mama yake, akasema Dobi. Mwalimu akaliandika hivyohivyo.

Ni mke wangu. Amefariki mwaka huu.

Alifua nguo za watu miaka thelathini na minne, uani kwetu, kwenye makarai matatu: la kuloweka, la kufua na la kusuuza. Hakutaka mtu aguse. Mimi nilikuwa fundi wa paa. Nilipoumia goti na kuacha kupanda ngazi, nilimwambia nitakuwa namsaidia. Akaitazama mikono yangu, akazitazama shuka nyeupe kwenye kamba.

"Mzee wangu, wewe kaa tu," akasema. "Ukikaa umenisaidia."

Binti yetu alikwenda ng'ambo kusoma, akapata kazi, akaolewa hukohuko. Miaka tisa tulimwona kwenye simu tu. Alipojifungua alituonyesha mtoto, amelala, amekunja ngumi. Mke wangu alimtazama sana. Kisha akaigeuza simu, akaitazama nyuma. Akanirudishia, akaenda kufua. Siku ile alifua hata nguo zisizochafuka.

Jioni akaniambia, "Nataka kumbeba."

Sikumwuliza nani.

Binti akatuma barua ya mwaliko. Goti langu lisingeweza safari ya saa kumi na nne miguu imekunjwa, basi tukakubaliana aende yeye. Tukaenda kwa mama wa fotokopi, pale kona. Mtaa mzima unajaziwa fomu na yeye, na siri za mtaa mzima anazo.

"Kazi?" akauliza.

"Kufua."

"Niandike mjasiriamali?"

"Mjasiriamali anafua?"

"Haya, dobi. Sababu ya safari?"

"Kumbeba mjukuu."

Mama wa fotokopi akavua miwani. "Dada yangu, hii ni viza ya utalii. Watalii hawabebi. Wanaangalia."

"Basi andika naenda kumwangalia."

Akaandika anavyojua mwenyewe. Akamfundisha kwamba akiulizwa vivutio atakavyotembelea, ajibu: makumbusho, mnara, bustani ya wanyama. Mke wangu akawa anakariri huku anakamua. Kila msokoto neno moja. Majirani wakaanza kumwuliza, "Dobi, leo mnara vipi?"

"Na siku ya miadi watakuchukua alama za vidole," mama wa fotokopi alituambia tukiondoka. "Uende na mikono safi."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuponza.

Mkono safi kwa mtu mwingine ni maji na sabuni. Kwa dobi si hivyo. Siku moja kabla ya miadi nilimkuta uani amechovya vidole kwenye dawa ya madoa, ile ya kutolea kutu. Kisha akachukua brashi ya kola, akasugua kidole kimoja kimoja.

"Vidole hivi vimekaa kwenye uchafu wa watu miaka yote," akasema. "Wasije wakasema nimewaletea."

Nikaona ana akili. Nikammiminia maji.

Ofisini kulikuwa na baridi na viti vilivyopangwa kama vya msibani. Namba yake ilipoitwa, wakaniruhusu nikae nyuma yake. Dirishani alikuwa binti mwenye nywele fupi. Akamwonyesha kioo kidogo chenye taa chini yake, akamwambia aweke vidole vinne. Taa ikawaka nyekundu. Akafuta kioo. Nyekundu. Mkono wa pili, nyekundu. Akamwomba ageuze viganja.

"Mama, huna alama," yule binti akasema.

"Alama gani, mwanangu?"

"Za vidole. Zimefutika."

Mke wangu akavitazama. Vilikuwa laini, vyeupe, kama vya mtu aliyekaa mtoni siku nzima. "Nilivisafisha jana," akasema.

"Kwa nini?"

Akamtajia dawa. Akataja na brashi. Nyuma yetu watu wakacheka. Yule binti hakucheka. Aliweka kalamu chini, akasoma fomu, akafika kwenye kazi.

"Zitarudi, mama. Usiguse maji ya sabuni. Paka mafuta asubuhi na jioni. Nakupa miadi baada ya siku kumi na sita. Zikikataa tena, itabidi nilifunge faili."

Tulipofika kwenye mteremko wa nyumbani akavitazama tena vidole.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Nguo za watu zimenila vidole." Akacheka, lakini macho hayakucheka.

Siku kumi na sita wateja hawasubiri. Nikamwambia nitafua mimi.

"Wewe?"

"Mimi."

"Haya. Mungu awasaidie wateja."

Akakaa kwenye kigoda, mikono imepakwa mafuta na kuvikwa soksi zangu. Kutoka hapo alinitawala.

"Hilo shati, mzee, si bati. Hupigilii msumari. Fikicha."

"Kola kwanza. Mtu huchafukia shingoni."

"Shuka usiikamue hewani. Ipitishe kwenye nguzo, shika ncha mbili, sokota. Sasa unaona?"

Niliona. Miaka yote ya ufundi wangu nilikuwa narudi kutoka kazini nakuta nguo zimekauka zimekunjwa, nikidhani jua ndilo linalofua. Siku ya kwanza, kufika mchana sikuweza kuunyoosha mgongo. Siku ya tatu vidole vyangu vilitoka ngozi. Sikumwonyesha. Aliona.

Siku ya tano nilizidisha bluu ya kung'arishia kwenye shuka za gesti. Mwenye gesti akaja, akazinyanyua kwenye kamba.

"Dobi, hizi shuka zangu au umenibadilishia?"

"Zako. Shemeji yako kazifua."

Akanitazama. "Shemeji, wageni wangu watadhani wamekufa wako mbinguni." Lakini alizichukua, na wiki iliyofuata akaleta nyingine.

Siku ya tisa nilikwenda dukani kununua sabuni. Niliporudi nilimkuta kwenye karai. Soksi ziko pembeni, mikono majini, anasugua kola.

Sikupiga kelele. Nilimshika mikono nikaitoa.

"Uliiacha chafu," akasema.

"Ibaki chafu."

"Ni shati la mwalimu."

"Mwalimu atavaa chafu."

"Tangu nianze kazi hii sijatoa kola chafu, mzee wangu."

"Na mtoto je?" nikamwuliza.

Akaniachia mikono. Nikamkausha kwa shati langu, kidole kimoja kimoja, nikampaka mafuta. Hatukuwa watu wa kushikana mikono sisi. Nilikuwa sijui kwamba kidole chake cha mwisho kimepinda. Nikamwuliza kimepinda lini. Akasema, "Mwaka uliopaua nyumba ya daktari." Hiyo ni miaka ishirini na zaidi.

Kola ile niliifua mara tatu. Akaikagua. Akasema, "Itapita."

Siku ya miadi nilimvalisha glavu za sufu za binti yetu, watu wakatushangaa juani. Dirishani alikuwa binti yuleyule. Mkono wa kushoto, taa ikawaka kijani. Mkono wa kulia, nyekundu. Tena, nyekundu. Mimi nikawa nahesabu vigae vya sakafu.

"Pumulia vidole, mama," yule binti akasema. "Polepole, kama unapoza uji."

Mke wangu akapumulia. Akaviweka kwenye kioo, akafumba macho. Mimi ndiye niliyeona kijani.

"Hizo zimekubali," binti akasema. "Sasa niambie, utatembelea vivutio gani?"

Nikachezesha midomo nyuma yake: makumbusho. Hanioni.

"Mjukuu wangu," akasema. "Ana miezi minne."

"Na kingine?"

Akafikiri. "Mama yake."

Nikajua tumeharibu. Yule binti akaandika kitu, akauliza, "Na tutajuaje kwamba utarudi?"

Mke wangu akageuka, akaninyooshea kidole kinachong'aa mafuta. "Unamwona yule mzee? Sasa hivi ndiye anayefua nguo za wateja wangu. Nikichelewa, nitakuta sina hata mteja mmoja."

Yule binti akanitazama. Akatazama na mikono yangu. Halafu akainama kwenye karatasi zake, akawa hainui uso.

Viza ilitoka baada ya siku kumi na moja. Siku tisini, kuingia mara moja. Mama wa fotokopi aliisoma mara mbili kwa sauti, kama hukumu ya mahakama, akasema yeye ndiye aliyefanikisha. Tukamwacha aamini.

Mke wangu alikwenda. Alirudi kabla ya siku zake kwisha, ingawa binti yetu alimsihi aombe nyongeza. Aliniambia kwamba kule nguo zinafuliwa na mashine yenye mlango wa kioo, na kwamba alivuta kiti akakaa mbele yake, akaiangalia mpaka mwisho. "Inajitahidi," akasema. "Kola haijui."

Kisha akaendelea na makarai yake mwaka mmoja na miezi minne. Kifua kikamkamata wakati wa baridi.

Binti yetu alikuja kumzika. Watu walipotawanyika nilimwuliza jambo ambalo mke wangu hakuwahi kunisimulia, na mimi sikuwahi kumwuliza, maana nilidhani tuna muda. Nikamwuliza siku ile alipofika ilikuwaje.

Akaniambia, mama aliingia mlangoni akamchukua mtoto kabla hajasalimia mtu. Akakaa naye kwenye kiti karibu na dirisha. Wakamwambia avue koti, akasema baadaye. Wakamletea chakula, akala kwa mkono mmoja. Mtoto akalala, wakamwambia amlaze kitandani.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Hakusema kitu, baba. Alitikisa kichwa tu. Jioni ndipo tulipomvua viatu, huku bado amempakata mtoto."