Leso Juu ya Boneti

Gari langu lilikuwa na milango miwili, na hata hiyo miwili haikuwa na tabia moja. Wa dereva ulifunguka bila maneno. Wa abiria ulitaka kuinuliwa kidogo, kisha kuvutwa, kisha kubembelezwa. Lilikuwa la rangi ya kiini cha yai, refu mbele, fupi nyuma, na lilikaa chini kiasi kwamba mimi na kuku wa soko la Gakoromone, pale Meru, tuliangaliana machoni. Nililinunua kwa meneja wa shamba moja upande wa Timau aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo. Tulibishana kutoka chai ya saa nne mpaka chai ya saa kumi. Aliposhindwa alinipa ufunguo na kuniambia nilitunze. Nikalitunza. Hata fundi alipotaka kulijaribu barabarani, niliendesha mimi, yeye akakaa pembeni akisikiliza.

Kazi yangu ilikuwa viazi. Nanunua Kibirichia, nauza Gakoromone, na kati ya hapo nakodi lori la mtu, kwa sababu gari langu lilibeba gunia moja tu, nalo lilikaa kiti cha mbele kama mgeni wa heshima.

"Leo umebeba bibi?" wanawake wa sokoni walikuwa wakiniuliza.

"Huyu haulizi tunaenda wapi," nawajibu.

Mwenye maswali alikuwa mchumba wangu. Alikuwa nesi mjini Embu, kwao ni Kanja, na akikuuliza kitu anauliza mara moja tu, halafu ananyamaza mpaka ujibu. Siku moja tulikuwa tumesimama kando ya barabara, boneti juu, tukingoja maji ya injini yapoe.

"Tukipata mtoto, atakaa wapi?"

"Kwa mapaja yako," nikasema.

"Na wa pili?"

Nilijifanya naangalia fenibelti. Mvua ndefu ikanyesha, ikaisha, viazi vikang'olewa, na mimi bado nilikuwa naangalia fenibelti.

Si kwamba sikuwa na jibu. Mjini Embu kulikuwa na mwenye yadi ya magari ya mtumba, mtu mnene mpole, ambaye unyama wake wote uko kwenye bei. Alikuwa na pikapu ya viti safu mbili, yenye mgongo wa kubeba magunia mpaka uchoke kupakia. Alikuwa tayari kubadilishana, gari kwa gari, bila mmoja kumwongezea mwenzake kitu, kwa sababu alikuwa na mteja wa Nairobi anayependa vitu vya zamani. Hesabu hiyo niliipiga mara mbili, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Kila mara pikapu ilishinda, na kila mara nilikunja karatasi nikaenda kufuta vumbi kwenye dashibodi.

"Jumamosi jioni ndiyo mwisho," aliniambia. "Ukikosa kuja, Jumatatu naipeana kwa mwalimu mkuu fulani. Huyo hata habishani."

Jumamosi hiyo ndiyo iliyokuwa ya ruracio, siku ya watu wetu kwenda Kanja kuongea mahari. Nikajiambia ni vizuri. Naongea mahari asubuhi, jioni nashuka Embu, na huko katikati akili itakuwa imeamua.

Kosa la kwanza lilikuwa hapo, kwa neno "naongea". Kwetu bwana harusi haongei. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hivyo msemaji wetu alikuwa baba mdogo, aliyestaafu kutoka idara ya mifugo na ambaye aliongea na watu kama alivyoongea na ng'ombe: polepole, mkono ukiwa umeshika kitu.

"Siku hiyo wewe ni mzigo," aliniambia. "Mzigo haufungui mdomo. Ukisema neno moja, tunalipa faini ya mbuzi, na mbuzi ni wako."

Mimi, niliyewahi kubishania bei ya kamba ya kufungia gunia.

Wazee wengine, mbuzi, sukari na masanduku ya soda walitangulia kwa lori. Baba mdogo alipanda kwangu, kwa heshima, na akajuta kabla hatujafika Nkubu.

"Nimekalia barabara," alisema. Kwenye mteremko wa Nithi alishika dashibodi kwa mikono miwili na hakuiendeleza tena hadithi aliyokuwa anasimulia. Tulipopanda upande wa pili akasema, bila kunitazama: "Tukifika, hii uache barabarani. Nje ya geti. Umesikia?"

"Kwa nini?"

"Huko, kinachoingia getini kimeingia kwa mazungumzo ya mahari."

Nilisikia. Lakini boma lenyewe lilikuwa juu ya kilima, barabara ni udongo mwekundu uliolowa usiku, na lori letu lilikuwa limeshachimba mitaro. Pale nje ya geti, upande wa kuegesha, kulikuwa na watoto wenye vijiti na fahali mmoja amefungwa kwa kamba ndefu kuliko nilivyopenda. Wanawake wa kwao walikuwa wamefunga geti wakiimba, kama kawaida, wakitaka tujieleze sisi ni nani. Wetu wakaimba majibu. Geti likafunguliwa, na shangazi wa mchumba wangu, mama mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akanipungia mkono niingie. Baba mdogo alikuwa ameshateremka.

Nikaingia. Nikaegesha kati ya mbuzi wetu na magunia ya sukari, mahali pazuri, penye nyasi. Shangazi akaja akicheza, akakunjua leso, akaitandika juu ya boneti. Niliitambua: leso ya maua ya zambarau niliyomnunulia mchumba wangu mimi mwenyewe. Nikaona wamenipenda. Nikatabasamu mpaka masikioni.

Kisha nikaona kuwa vikapu vyetu vyote, sukari, unga, masanduku ya soda, kila kimoja kilikuwa kimefunikwa leso hivyo hivyo. Ndivyo walivyoonyesha kitu kimepokelewa. Nikamtafuta baba mdogo kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, kofia mkononi, amefumba macho kama mtu anayeomba.

Ndani tulikaa wao ukuta huu, sisi ukuta ule. Tukasali. Tukala mukimo. Kwa sababu ni watu wa kanisa, mahali pa pombe palikuwa na uji kwenye kibuyu, na uji huo hauguswi mpaka msichana aitwe aseme unywewe. Msemaji wao alikuwa kaka ya baba ya msichana, mzee mdogo wa mwili, koti kubwa, macho ya mtu wa mnada. Niliyajua macho hayo. Ndiyo ninayoyaona nikinyoa.

"Tumezunguka nje," alisema. "Mbuzi tumeona. Sukari tumeona. Na ile ya manjano tumeona. Tunashukuru."

"Ile ya manjano ndiyo ilituleta," baba mdogo alisema. "Ni miguu yetu."

"Miguu huvuliwa viatu nje. Hiyo imeingia mpaka kwa nyasi."

"Mvua, mzee. Barabara yenu."

"Barabara yetu imewaleta salama. Na leso imewekwa na dada yangu. Niende nimwambie mkono wake umekosea?"

Ukuta wa kwao ukacheka kidogo, ile ya kukohoa. Mimi nilikuwa na majibu matatu mazuri. Yalipanda mpaka kooni, yakasimama hapo kama watu kwenye foleni. Nilikanyaga kidole changu cha gumba kwa kisigino cha mguu mwingine.

"Tena hebu nisaidieni," yule mzee akaendelea. "Gari ya watu wawili. Tukiwapatia msichana, hao ni wawili, imejaa. Sasa wajukuu wangu watakuja kuniona na nini? Watakimbia nyuma kama mbwa?"

Baba yake msichana, ambaye hakuwa amesema neno tangu maombi, aliinua macho akaniangalia. Nilielewa kwamba gari lilikuwa mzaha, lakini swali halikuwa. Lilikuwa swali lile lile, safari hii mbele ya watu wa kila upande, na ndiyo siku pekee maishani ambayo sikuruhusiwa kulijibu.

Baba mdogo akaomba ruhusa tutoke tukapige ndundu, yaani tukashauriane pembeni. Tukasimama nyuma ya ghala, kwenye mikahawa.

"Sasa ongea," aliniambia. "Hapa huna faini."

"Waambie wachukue mbuzi wengine. Mbuzi wowote."

"Nikiondoa leso, nimetukana mama yule na dada zake wote. Nikiiacha, unarudi Meru kwa lori na kreti tupu." Alichuma jani la kahawa akalikunja. "Lakini si hiyo naogopa. Yule baba amekuangalia vibaya. Anaona kijana anayependa chuma. Wanaweza kutuambia turudi mwaka ujao, na mwaka ujao kuna vijana wengine Embu."

Nilipiga hesabu. Nikaipiga tena. Huku gari, huku yeye. Ajabu ni kwamba kwa miezi yote ile nilikuwa nikipima gari na pikapu, kana kwamba mtu wa tatu hakuwepo kwenye mizani.

"Waachie," nikasema.

"Gari?"

"Waachie. Nitapanda lori."

Baba mdogo aliniangalia kama anayetafuta ugonjwa. "Ngoja kwanza aitwe msichana," akasema. "Usiuze kabla soko halijafungwa."

Tukarudi, tukakaa. Yeye hakusema tumeamua nini. Alisema tu kwamba ni vizuri mwenye siku asikizwe. Msichana akaletwa na shangazi. Akasimama katikati, mikono mbele, na hakuniangalia hata kidogo.

Msemaji wao akainua kibuyu. "Watu hawa wameleta vitu. Vimeingia getini, vimefunikwa. Tunywe uji huu? Tule vitu vyao?"

Nje mbuzi mmoja aliendelea na mambo yake.

Badala ya kujibu, msichana alitoka. Tulimwona kwa mlango akikanyaga nyasi mpaka kwenye gari, akaitoa leso juu ya boneti, akaikung'uta, akaifunga kiunoni. Akarudi.

"Uji kunyweni," alisema. "Vitu vyote kuleni. Hiyo ya manjano si ya kuliwa. Hiyo ni yangu."

Msemaji wao alikaa na kibuyu hewani. Kisha akacheka, cheko la kweli safari hii, tumbo likatikisa koti. "Msichana ameonja kabla ya wazee," alisema. "Haya. Nani atamnyang'anya?" Baba yake akapokea kibuyu wa kwanza, akanywa, akampa baba mdogo. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu getini.

Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka tulipoagana. Mchumba wangu alinisindikiza mpaka mlango wa dereva, leso bado kiunoni. Nilikuwa nimejawa na shukrani, nikitafuta neno linalotosha.

"Umeniokolea gari," nikamwambia.

"Leso ya nani hii?"

"Yako."

"Na shangazi aliitoa wapi?"

Nikaiangalia ile leso. Alingoja, kama kawaida yake.

"Ulijua nitaingia nalo?"

"Wewe uliache kwa barabara na watoto wenye vijiti?" Akapangusa tope kwenye kioo cha pembeni kwa pembe ya leso, taratibu, kama mtu anayesafisha mali yake. "Yule wa yadi ameniambia kuhusu pikapu. Anafunga saa ngapi?"

"Jioni hii."

"Basi ni yangu, mbele ya wazee. Nataka pikapu."

Nilifungua mdomo. Nimebishana na madalali, na makanga wa matatu, na askari wa kanjo, hata na meneja yule wa Timau. Mchumba wangu alikuwa amenunua na kuuza gari langu siku moja, na gharama yake yote ilikuwa kukung'uta leso.

"Umesikia mwenye gari," baba mdogo alisema kutoka upande wa pili, akiwa bado anahangaika na mlango. "Twende."

Tulifika Embu yadi ikifungwa. Yule mtu mnene alivuta kiti, akakunja mikono ya shati, tayari kwa vita. Nikampa ufunguo. Nikamwambia mlango wa abiria unainuliwa kwanza, kisha unavutwa, na asiuharakishe.

"Na nini kingine?" akauliza.

"Hakuna."

"Hutaki hata tairi ya spea?"

"Hapana."

Akanitazama kwa wasiwasi. Alinijua. Akaenda akafungua boneti, akamulika na tochi, akaifunga. Akatembea hatua chache, akarudi, akaifungua tena. Mtu kama mimi akikosa kubishana, lazima kuna kitu kimekufa ndani ya injini.

Baba mdogo alikuwa ameshapanda pikapu, kiti cha mbele, amekaa wima, akiangalia juu ya ua wa yadi.

"Kumbe Embu ni kubwa hivi," alisema.