Bi Krimu Aliyekataa Kusema Hana Nguvu

Mikono ya Bi Krimu ilikuwa na sifa kabla yeye mwenyewe hajajulikana. Katika hoteli aliyofanyia kazi, jikoni upande wa keki, wapishi wenzake waliacha sufuria zao kumtazama akishika mfuko wa krimu. Alikuwa anauminya kidogo tu, anazungusha kiwiko, na waridi linakaa juu ya keki kana kwamba limechanua lenyewe. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Kazini, mtaani, hata kwa watoto wa dada yake, alikuwa Bi Krimu, basi.

Ulevi haukumjia kwa kishindo. Ulipitia mlango wa kazi. Kwenye rafu ya juu jikoni ilikaa chupa ya ramu ya kulowekea zabibu kavu za keki za matunda. Mwanzo alionja kujua kama ni kali. Baadaye akawa anaonja hata siku ambazo hakuna keki ya matunda. Joto la oveni lilikuwa kali, miguu ilimuuma, na nyumbani hakuna aliyemsubiri tangu mume aondoke na kubeba mpaka pazia. Haba na haba hujaza kibaba, na cha Bi Krimu kilijaa mpaka kikafurika. Ikafika hatua mikono ile yenye sifa haitulii asubuhi mpaka ipate kitu cha kuituliza.

Siku ya harusi ya watu wakubwa, akiwa amebeba ghorofa ya juu ya keki mbele ya wageni, alipepesuka kwa ramu aliyokunywa asubuhi. Keki ilianguka juu ya viatu vya mshereheshaji. Wageni wengine walicheka. Bibi harusi hakucheka, na meneja wa hoteli hakucheka pia. Kabla meza hazijafutwa, Bi Krimu alikuwa nje ya geti na aproni yake mkononi.

Dada yake mkubwa alikuwa mkunga, mwanamke asiyepoteza maneno. Alimkuta amelala sakafuni chumbani kwake, akamwogesha kama alivyozoea kuwaogesha wazazi wodini, akamvalisha gauni lake mwenyewe, kisha akakaa kitandani.

"Mdogo wangu," alisema, "kazi yangu mimi ni kupokea watu wanaoingia duniani. Kusindikiza wanaotoka sijasomea. Vaa viatu twende."

Walikwenda kwanza kwa daktari mmoja wa kike kwenye zahanati aliyofanyia kazi mkunga. Daktari alimpima, akamlaza mpaka mwili ulipotulia, halafu akampa vidonge vya kupunguza hamu ya pombe. "Hivi haviondoi tatizo lote," alimwambia. "Vinakushikia mlango ili wewe ufanye kazi ndani." Kisha mkunga akampeleka kwenye kikundi.

Kikundi kilikutana katika darasa la shule moja, Jumamosi mchana, viti vimepangwa duara na chai kwenye chupa kubwa. Ubaoni kulibandikwa kadibodi yenye hatua kumi na mbili, na ya kwanza ilikuwa kukiri kwamba mbele ya pombe huna nguvu kabisa. Mwenyekiti alikuwa dereva mstaafu wa malori, mzee mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Hakuwa amegusa chupa kwa miaka mingi, na hatua zile ndizo zilizomtoa mtaroni. Alizipenda kama mtu anavyompenda aliyemvuta asizame.

Na tuseme kweli, mwanzoni kikundi kilimfaa Bi Krimu. Kwa mara ya kwanza alikaa na watu ambao hawakushangaa. Akisimulia alivyowahi kuficha chupa ndani ya gunia la unga, mmoja anadakia, "Mimi kwenye tangi la choo!" na wote wanacheka mpaka machozi. Alipewa mlezi, yaani mtu aliyetangulia ambaye unampigia simu ukizidiwa. Huyu alikuwa mwanamke muuza vitambaa, mwema, ila msimamo wake haukukunjika.

Kilichoanza kumkereketa kilikuwa kidogo. Kila anayesimama ilimpasa aanze kwa kusema, "Mimi ni mlevi." Si 'nilikuwa mlevi'. Ni mlevi, leo na hata siku ya kufa. Jumamosi moja Bi Krimu aliuliza kwa upole, "Jamani, na mpishi wa keki nitakuwa lini tena?"

Watu walicheka. Mwenyekiti akatabasamu. "Hapa hakuna mpishi wala waziri, mama. Hapa ni walevi tu. Upishi wako ndio uliokuponza."

Muuza vitambaa alikazia njiani. "Jiko lisahau, shoga yangu. Mwenye kidonda halali kwenye gunia la chumvi. Njoo nikufundishe kupima vitambaa."

"Vitambaa sivijui."

"Utajua. Ndiyo maana ya unyenyekevu."

Akaenda kupima vitambaa. Alikuwa anakata mita za shifoni huku pua yake ikitafuta harufu ya vanila.

Halafu likaja suala la vidonge. Muuza vitambaa aliviona kwenye mkoba wake, akakunja uso kama aliyekuta nyoka.

"Hii nini?"

"Dawa ya daktari. Inanipunguzia hamu."

"Kidonge ni chupa iliyokaushwa," alisema muuza vitambaa. "Aliye safi ni safi. Huwezi kusema umekiri huna nguvu halafu nguvu unaitafuta kwenye duka la dawa. Muulize Mwenyekiti."

Mwenyekiti alisema vilevile, mbele ya wote. Wapo wachache walioangalia chini, pengine na wao walikuwa na vyao mifukoni. Bi Krimu aliona haya. Alivitupa vidonge chooni, wala hakumwambia dada yake.

Hamu ilirudi kama mgeni anayejua ufunguo unakofichwa. Alimpigia simu mlezi wake. Mlezi akamwambia arudie hatua ya kwanza. Akairudia akiwa jikoni, akairudia akiwa kitandani. Akairudia mpaka ikamwingia sawasawa: huna nguvu, huna nguvu, huna nguvu. Na mtu asiye na nguvu, akipita mbele ya baa, ataizuiaje miguu yake? Aliingia.

Jumamosi iliyofuata alikwenda mwenyewe kusema. Mwenyekiti alimnyang'anya ile beji aliyopewa kwa miezi ya kukaa bila pombe, akaitia mfukoni. Bi Krimu angeanza upya, kama mtu aliyeingia mlangoni kwa mara ya kwanza. Asubuhi zote alizoamka mikono imetulia, zote zikafutwa kama chaki.

"Hatua zetu hazina kasoro," alisema Mwenyekiti. "Anayeanguka ni yule ambaye hakuzifanya kwa moyo wote."

Bi Krimu alibaki amesimama. Wote walitarajia alie. Badala yake akakunja uso, kama anavyokunja akionja kitu kilichopungua chumvi.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Mtu akipona hapa, nani amemponya?"

"Hatua."

"Akianguka?"

"Ameanguka mwenyewe."

"Sasa mimi nimepika miaka mingi," alisema Bi Krimu. "Keki isipoumuka, natazama moto. Natazama hamira, mayai, na bati nililookea. Ikibidi natafuta njia nyingine ya kuipika. Sijawahi kuisimamisha keki mbele ya wenzake nikaiambia haikuumuka kwa moyo wote."

Mtu mmoja alipaliwa na chai. Mwingine akaanza kucheka, akajizuia. Muuza vitambaa alimvuta gauni, "Kaa chini, shoga, kaa chini," lakini Bi Krimu hakukaa.

"Nilikuwa na dawa, nikawa sinywi pombe. Mkaniambia niitupe, nikaitupa, nikanywa. Hilo mbona hamliingizi kwenye hesabu? Na nyie mliopona kwa hatua hizi, Mungu awazidishie, sina neno. Lakini kiatu kilichokutosha wewe usinilazimishe nikate vidole ili kinienee."

Mwenyekiti alisimama, na sauti ikarudi ile ya barabarani. "Wengi wametoka kwenye mlango huo na kiburi chao. Ukitoka hapa zipo njia tatu tu: jela, wodi ya vichaa, na kaburi."

"Basi nitatafuta ya nne," alisema Bi Krimu. Akachukua mkoba wake, akasalimu kila mtu kwa kichwa, akatoka. Nje, alishika ukuta wa shule. Hakuwa jasiri kama alivyosikika. Aliogopa sana.

Dada yake aliogopa kumzidi. "Umeacha watu wanaokushika mkono? Na ukianguka tena?"

"Nitakuita wewe, na daktari. Dada, nilivitupa vidonge. Wao walisema nivitupe, mimi nikakubali."

Mkunga akaweka kanga begani. "Umenificha hilo, na tutaligombania baadaye. Sasa hivi vaa viatu twende."

Daktari hakumkemea. Alimwandikia dawa upya, akampangia kukutana na muuguzi mshauri ambaye hakumtaka aanze kwa kusema yeye ni mlevi. Muuguzi aliuliza vitu vya kawaida: hamu inakuja ukiwa wapi? Ukiwa umeshiba au una njaa? Ukiipa nusu saa, inafanya nini? Bi Krimu aligundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: hamu ni kama maziwa jikoni. Inapanda kwa vurugu, lakini ukipunguza moto, inashuka. Alipoiona inashuka mara ya kwanza bila yeye kunywa, alipiga makofi peke yake jikoni kwa dada yake, alikokuwa akikaa siku zile, na watoto wakaja mbio kuuliza kuna nini.

"Mama mdogo ana nguvu!" aliwaambia.

"Tunajua," alisema mdogo wao. "Jana ulifungua chupa ya achali iliyomshinda baba."

Akarudi kwenye keki. Alianza na oveni ya dada yake, yenye mlango uliofungwa kwa waya. Zabibu kavu aliziloweka kwenye chai ya rangi na maji ya machungwa, na keki ikatoka yenye ladha ambayo watu walishindwa kuitaja. Mteja mmoja alikuja na chupa yake ya ramu, akasisitiza keki ya matunda bila ramu si keki. Bi Krimu alihisi kinywa kikijaa mate. Akairudisha ile chupa mikononi mwa mteja.

"Bwana, keki zangu hazinywi. Na mimi vilevile."

Yule bwana alicheka, akaondoka na chupa yake, akarudi wiki iliyofuata kuagiza mbili. Jina likatembea. Baada ya muda Bi Krimu alipanga chumba kimoja kinachotazama barabara, akanunua oveni ambayo mlango wake ulijifunga wenyewe, na asubuhi foleni ilifika mpaka kwa kinyozi wa jirani.

Alfajiri moja, kabla wateja hawajajaa, aliingia Mwenyekiti. Alikuwa amepungua. Hakuangalia keki hata moja.

"Mama," alisema, na sauti ile kubwa ilikuwa imejikunja, "binti yangu anakunywa. Nimempeleka kwenye kikundi, amehudhuria mara tatu, amekataa. Nimemwambia zile njia tatu. Akanijibu, 'Baba, kuna yule mama wa keki.'"

Bi Krimu aliegemea meza. Maneno ya kumrudishia alikuwa nayo tele, mengine ameyakanda usiku na mchana tangu siku ile ya beji. Hakuyasema. Alivuta kiti, akammiminia chai, akakata kipande cha keki iliyokuwa bado moto.

"Yule daktari yuko zahanati ya dada yangu," alisema. "Mlete binti leo, nitakwenda naye mimi. Nawe, Mwenyekiti, usiache kikundi chako. Kimekufaa. Ila asije akatokea mtu wa kumtupia huyo mtoto dawa yake."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Hapana. Nitasema mimi mwenyewe, Jumamosi, kwamba kwenye dawa tulikosea." Na alisema. Waliokuwepo wanasimulia kwamba muuza vitambaa alikuwa wa kwanza kulia, na kwamba watu kadhaa walitoa vidonge vyao mifukoni na kuviweka mapajani hadharani, kama watu wanaovua viatu vilivyowabana.

Mwaka ule hospitali kubwa ilifungua jengo jipya la wazazi, na dada yake, ambaye sasa alikuwa amehamia huko kuwa mkunga mkuu, hakuulizwa mara mbili nani apike keki. Bi Krimu aliipika ya ghorofa sita, nyeupe, yenye waridi kutoka chini mpaka juu. Sherehe ilikuwa ukumbi wa juu, na lifti ikagoma asubuhi hiyohiyo. Wafanyakazi walishauri ikatwe hukohuko chini, ipandishwe kwenye sahani.

"Nani kasema?" aliuliza Bi Krimu, akikunja mikono ya blauzi.

Waliipandisha keki ghorofa moja moja, na ile ya juu kabisa, yenye mapambo mepesi kama utando, aliibeba mwenyewe. Ngazi kwa ngazi, wauguzi wamebanana ukutani kumpisha, kina mama wenye vichanga wametoa vichwa milangoni. Hakuna aliyepumua. Alifika juu, akapita katikati ya wageni wote, akaiinua ghorofa ile na kuiweka juu ya zile nyingine. Ikakaa, wala haikuyumba.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Dada yake, asiyepoteza maneno, alisimama juu ya kiti na kupaza sauti kuliko wote: "Huyo ni mdogo wangu! Huyo ni mpishi!"

Bi Krimu alifuta mikono kwenye aproni, akachukua kisu, akauliza nani ana njaa.