Jiko Lililomngoja Kavira

Juzi nilimuona jirani akipaka ukuta wa jiko lake udongo mweupe, na harufu ile mbichi ikanirudisha kwetu Butembo, kwenye jiko letu kubwa la nyuma ya nyumba.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, mama alisugua masizi ukutani mpaka vidole vikachubuka. Akapaka udongo mweupe, akatandika mikeka mipya, akatundika kitenge chake cha harusi dirishani. Nikaimba, nikidhani kuna sikukuu.

"Mama, bageni bangapi banakuya?"

"Ni Kavira tu." Kavira, dada yangu, alikuwa amechukuliwa na watu wenye silaha shambani, upande wa Beni. "Banasema bengine banatorokaka. Akifika, asiogope. Aone ni kwabo."

Kila mlango wa uani ulipolia, mama alisimama, akajifuta mikono, akaketi tena. Maharagwe yakaungua. Baba akasema polepole, "Mama Kavira, acha sasa." Yeye akaanza kupaka upya ukuta uleule, huku analia.

Nilidhani analilia chakula. "Mama, tutapika ingine."

Alinivuta kifuani, akanibana hadi nikakosa pumzi. Kavira hakurudi, siku ile wala baadaye.