Fundi Aliyeongeza Tanga

Yule mama fundi cherehani wa Nachingwea hakutumia futi. Alipima kwa shubiri, akang'ata uzi, ndipo aseme. Mwaka 1998 Mwalimu Maximilian alimpelekea tanga la ubao wake wa kuteleza majini, maana kwa upepo mdogo wa pale bwawani ubao ulielea tu kama gogo.

"Tanga dogo hili, Mwalimu," alisema kwa sauti yake ya chini. "Tena unakanyaga nyuma mno, mkia unazama."

Akaliongeza upana, akalitengenezea tumbo la kukamata upepo.

Jumamosi alikwenda bwawani, akaomba kujaribu. Mwalimu alicheka, akamwachia. Fundi alisimama karibu na mlingoti, akalivuta tanga kifuani mara tatu kama anayepepea moto. Ubao ukanyanyuka, ukaanza kuteleza juu ya maji, naye akarudisha miguu nyuma taratibu. Fundi aliporudi ukingoni, Mwalimu alimpokea ubao.

"Umejifunza wapi, mama?"

"Nikija kufua hapa nakutazama unavyokosea."

"Na kuogelea?"

"Kuogelea sijui," alisema, akikamua khanga yake.

Mwalimu akakaa palepale kwenye matope.