Chini ya Kitanda cha Asiye na Mtu

Saa moja asubuhi, katika wodi ya wanaume ya hospitali ya serikali hapa Msambweni, watu wanakunja mikeka. Kaka, wajomba na watoto wa kiume waliolala chini ya vitanda vya wagonjwa wao wanatoka mmoja mmoja, macho mekundu, kwenda kutafuta maji ya kunawa. Zahoro Makame anangoja wapite ndipo apige deki.

"Hapa usitazame kitanda," anasema, huku akikamua tambara. "Tazama chini yake. Ukiona mkeka, jua mgonjwa ana mtu."

Chini ya kitanda cha dirishani pana mkeka uliochakaa ukingoni. Zahoro haungojei ukunjwe, kwa sababu ni wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyelala hapo usiku kucha, baada ya zamu yake kwisha, na sasa ameanza zamu nyingine.

Aliyelazwa juu si ndugu yake wala jirani yake. Ni fundi mwashi, kijana wa Kitui, aliyeanguka kutoka juu ya jengo la hoteli linalojengwa Diani. Anavuja damu ndani kwa ndani, na daktari amekwisha kusema kwamba lililobaki ni la Mungu. Mama yake ametumiwa habari. Kutoka Kitui mpaka Msambweni ni mwendo wa kuchosha hata kwa mtu mwenye nauli mkononi, na kila anayeingia wodini anauliza jambo lile lile: mama atafika?

Zahoro ni mtu wa Wasini, mwembamba, mwenye utani mwingi. Kazi yake ni kufagia, kupiga deki na kusukuma machela. Kulala chini ya vitanda vya watu asiowajua si sehemu ya kazi hiyo, wala hakuna aliyemwagiza. Jambo hilo alilitoa Uingereza, na mwandishi alipolisikia mara ya kwanza alidhani anataniwa.

Mwaka wa 1963 Zahoro alikuwa baharia, mtia mafuta katika chumba cha injini. Meli ilipotia nanga Liverpool, kidole tumbo kikampasukia. Wenzake wakamshusha, akapelekwa hospitali ya serikali ya mji ule, na meli ikaondoka bila yeye. Ilikuwa mwezi wa Desemba. Huku kwetu bendera ya uhuru ilipandishwa yeye akiwa kitandani. Husema kwa kicheko kwamba alilala chini ya bendera yao, akaamka mgeni, na shuka hazikubadilishwa.

Alistaajabu tangu siku ya kwanza. Shuka nyeupe pe, chakula kinaletwa kitandani, daktari anasimama na kuuliza umelalaje. Akangoja aambiwe bei yake, asiambiwe. Hakudaiwa hata senti moja, na hadi leo anawaombea dua wale watu kwa hilo.

Kilichomtia hofu ni chini ya vitanda. Palikuwa patupu, wodi nzima, safi kama sahani. Hapakuwa na mkeka wala mtu. Jamaa za wagonjwa walikuja alasiri, wakakaa vitini kwa adabu, kengele ikilia wakainuka wote na kwenda zao. Zahoro alidhani pana ugonjwa wa kuambukiza uliofichwa. Alimwuliza sista kwa Kiingereza chake cha melini, naye akamjibu kwamba ndio utaratibu.

Katika kitanda cha pili yake alilala mzee mmoja aliyekuwa kuli wa bandarini. Mzee alikuwa na binti, na binti aliishi mitaa miwili tu kutoka pale. Alikuja Jumapili, akaleta zabibu, kengele ikamwondoa. Jumanne mchana mzee alianza kukata roho. Zahoro akashuka kitandani na mshono wake, akamshika mkono. Sista akamrudisha. Akashuka tena, akarudishwa tena, safari hii kwa ukali.

"Wakavuta pazia," anasema Zahoro, na utani wote umemtoka. "Pazia likazunguka kitanda, na nje ya pazia chai ikaendelea kugawiwa. Nalisikia vijiko. Mtu anakufa, bwana, na watu wanakoroga sukari."

Alilia kwa sauti. Masista wakadhani ni maumivu ya tumbo, wakamchoma sindano.

Alipozinduka, kitanda cha mzee kilikuwa kimetandikwa upya. Siku hiyo hiyo akaambiwa kwamba Alhamisi atapasuliwa mara ya pili, kwa kuwa usaha umerudi. Ndipo alipoona wazi mambo yatakavyokuwa. Atakufa nyuma ya lile pazia, hakuna wa kumtamkisha shahada, na vijiko vitalia. Anasema kifo chenyewe hakikumtisha kiasi hicho. Kilichomtisha ni kwenda kimya, bila hata mmoja wa kumkumbusha neno la mwisho.

Kwa Waislamu wa pwani jambo hili halina mjadala. Mgonjwa akizidiwa, mtu wake humwinamia sikioni na kumtamkia shahada, naye aifuatishe kama ulimi bado unafanya kazi. Zahoro aliuliza kama pana Mwislamu hospitalini. Hapakuwa na mtu. Aliyekuwapo ni Nora, mama wa Kiayalandi mwenye miguu iliyovimba, aliyesukuma kigari cha chai.

Basi akamwomba Nora.

Mtu akisikia hivi hujiuliza kama homa ilikuwa imempanda kichwani. Nora ni Mkatoliki, rozari mfukoni mwa aproni. Hakucheka wala hakushangaa. Alivuta kigari kando, akasema haya, nifundishe. Kila alipoleta chai aliyarudia yale maneno ya Kiarabu polepole, Zahoro akimsahihisha, mpaka yakamkaa. Kisha naye akatoa sharti lake. Wanawe wote wako Australia, hana mtu. Kama yatamkuta yeye kwanza, Zahoro amsemee ya kwao: Yesu, Maria na Yosefu, nawapa moyo wangu na roho yangu.

"Nikamwambia sawa, mama. Nikayashika."

Alhamisi haikuwa zamu ya Nora, lakini alikuja na koti lake, akakaa nje ya chumba cha upasuaji. Zahoro aliporudishwa wodini bado yumo katika nusukaputi, hajijui, Nora akamtazama na kuona amekwisha. Hakungoja kuuliza mtu. Akamwinamia.

"Katika usingizi ule nikasikia shahada sikioni kwa sauti ya Nora. Nikasema moyoni, basi, nimeshazikwa, na anayekuja kunihoji kaburini ni mama wa chai."

Wodi nzima ya Msambweni imekisikia kisa hiki na bado hukicheka. Lakini si wote waliocheka Zahoro aliporudi, akaajiriwa hapa, na kuanza kuweka mkeka chini ya vitanda vya wasio na mtu: vibarua wa mashambani, watu wa bara, na mara moja Mzungu aliyepinduka na pikipiki Ukunda. Kila mmoja humwuliza kwa upole kwao husema nini wakati huo, naye huyashika maneno hayo. Mtaani zikazuka habari kwamba Zahoro anabatiza watu. Imamu akamwita.

Zahoro alimweleza yote, tangu kigari cha chai. "Nikamwambia, shekhe, simwingizi mtu katika dini. Namkumbusha cha kwake." Imamu akauliza kama yule mama aliitamka shahada sawasawa. Zahoro akajibu kwamba ilikuwa sawa, ila herufi za kooni zilimtesa kidogo. Hakuitwa tena.

Mchana, mwandishi akiwa angali wodini, fundi wa Kitui akabadilika pumzi. Zahoro aliacha ndoo katikati ya njia. Kijana ni Mkatoliki, kwa hiyo maneno hayakuhitaji kutafutwa mbali. Akamwinamia, akayasema yale ya Nora kwa Kiswahili, midomo ya kijana ikafuatisha mpaka kati. Nusu ya pili aliimalizia Zahoro peke yake.

Hapakuvutwa pazia. Watu wa vitanda vingine walikuja wakasimama kukizunguka kitanda kile, wenye kofia za kiua za Kiislamu na wasio nazo. Mtu aliyekuwa akimimina chai aliweka birika chini na kulisahau.

Mama alifika alasiri, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Alipoambiwa hakulia kwanza. Alimtazama Zahoro, aliyekuwa ameketi sakafuni pale pale, akamwuliza kama mwanawe alikuwa peke yake.

"La, mama," alisema Zahoro. "Alikuwa nami."

Mama akauliza kama alisaliwa.

"Alisemewa maneno ya kwenu. Aliyaanza mwenyewe."

Hapo ndipo mama alipolia. Zahoro akaukung'uta mkeka, akamtandikia aukalie, kisha yeye mwenyewe akatoka nje.

Sasa ana mpango, ingawa mkewe, Mwanapili, huuita mpango wa kwenda kuoa Mzungu. Anataka kupanda meli safari moja tu, yoyote ile inayokwenda Liverpool, akamtafute mama wa chai. Nora alikuwa mtu mzima tangu wakati ule, na miguu ile haikuwa ya kungoja sana. Alilipokea neno la Zahoro akalitimiza, hata kabla ya wakati wake. La Nora bado halijatimizwa.

Aliulizwa atafanyaje kama meli haitapatikana. Alitazama ndoo yake, maji yamekwisha kupoa.

"Leo nalipomsemea yule kijana, nalimnuia na Nora," alisema. "Kila ninapoyasema humnuia na yeye. Maana sijui. Huenda ikawa ndiyo saa yake, na huko pazia limeshavutwa."