Goti la Kushoto na Gari Lisilo na Klachi

Pikapu ile niliichagua mimi. Nasema hili mapema kwa sababu baadaye, kamati ilipoanza kunung'unika, kila mtu alieleza kwa namna yake jinsi ilivyofika kwenye uwanja wa kanisa letu pale Kitengela, kana kwamba ilishuka na mvua. Haikushuka na mvua. Nilikwenda Nairobi na barua ya kamati mfukoni, nikaonyeshwa pikapu mbili mpya za rangi moja, moja ya gia za mkono na nyingine otomatiki, viti bado vimefunikwa plastiki. Nikaweka kiganja juu ya boneti ya ile otomatiki nikasema, "Hii." Muuzaji akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika, na kwamba ninajua pia kusoma, anipe karatasi nitie sahihi.

Kamati niliiambia kwamba gari hilo ni laini barabarani. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ilikuwa goti langu la kushoto. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilianguka kutoka kwenye ngazi tukipigilia mabati ya darasa la watoto, na tangu siku hiyo kukanyaga klachi kulikuwa kama kukanyaga msumari wa moto. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua. Kanisani nilipiga goti moja tu wakati wa sala, na watu wakadhani ni unyenyekevu wa aina mpya.

Kazi ya gari ilikuwa maji. Ulikuwa mwaka wa ukame, katikati ya ile miaka ya elfu mbili, na huko mbele ya mji wa Kajiado tulikuwa na kanisa dogo la mabati na shule kando yake, na bwawa lao lilikuwa limebaki ufa wa matope. Kila Jumanne na Ijumaa nilipakia tangi la lita elfu moja kisimani kwetu, nikapita Isinya, nikapita Kajiado, nikaingia barabara ya murram isiyo na lami, nikamwagia maji tangi la shule. Nilikuwa nimestaafu kufundisha. Kazi ile ndiyo iliyoniamsha asubuhi nikiwa na furaha, na nilimshukuru Mungu kwa ajili yake kabla hata ya kuvaa viatu.

Sasa mwenyekiti wa kamati. Tulikuwa rika moja. Yeye alitoka magharibi, mimi Ukambani, na tulihamia Kitengela wakati punda walikuwa wengi kuliko magari. Miaka mingi alikuwa ameendesha lori akibeba magadi, na hakuna mtu aliyebishana naye habari za gari. Aliniita mzee wa kanisa, hasa alipotaka kunichokoza.

"Mzee wa kanisa," alisema kwenye mkutano, mbele ya wote, "hii gari yako inakunywa kama ng'ombe imetembea kutoka Namanga."

"Inabeba maji ya watu," nikasema.

"Hata ile ya zamani ilibeba. Na ilikuwa na adabu. Hii ukikanyaga inafikiria kwanza, halafu inaruka kama mbuzi. Hiyo ni gari ya kupeleka bibi saluni!"

Wakacheka. Ningecheka pia, kwa sababu alisema kweli. Safari moja ya kwenda na kurudi, ile kuukuu ilikula lita kumi na tatu za dizeli. Hii mpya ilikula kumi na tisa. Na iliruka. Mlimani ilipanda gia, ikashuka, ikapanda tena, injini ikilia na kunyamaza kama mtoto asiyejua anataka nini, na maji yakimwagika kupitia mfuniko wa tangi.

Uamuzi wao ulikuwa huu: mwisho wa mwezi gari libadilishwe, lije la klachi. "Na tutapata dereva," mwenyekiti akasema kwa upole uliouma kuliko kicheko. "Wewe upumzike, ndugu yangu. Umefanya kazi ya Bwana ya kutosha."

Nimesoma Maandiko tangu utoto na nimeyafundisha maisha yangu yote, na sijaona mahali Bwana alipomwambia mtu amefanya ya kutosha kupitia kwa kamati. Nilinyamaza, kwa maana nimefunzwa kunyamaza. Lakini moyoni nilisema: hamtaniweka kwenye kiti cha mbele niwe pambo la Jumapili. Mkilitoa gari hili, mmenitoa mimi, na mimi sitoki.

Asubuhi yake nilipeleka gari kwa fundi. Alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, aliyejifunza giaboksi za otomatiki mjini, kisha akafungua karakana nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Wanaume walimpita wakienda kwa mafundi waliokisia. Nilimweleza, akapanguza mikono, akaniambia nipakie maji kama kawaida, tutoke pamoja kuelekea Isinya.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo madereva wa zamani watalielewa upesi. Miaka ile ya sabini na themanini, sisi tulioendesha magari makuukuu tulijua njia moja ya kuokoa mafuta, nayo ilikuwa nyutro. Ukifika mteremko unatoa gia, gari linateleza lenyewe, injini inapumua tu, na unajiona mjanja. Aliyenifundisha ni mwenyekiti huyo huyo. Alijisifu kwamba kutoka Kona Baridi kushuka upande wa Magadi hakukanyaga mafuta hadi joto lilipompiga usoni. Dereva asiyeweka nyutro tulimwona mtu asiyejua shida. Mimi niliifanya muda mrefu hata mkono wangu wa kushoto haukuningoja tena. Mteremko ukianza, mkono ulikwenda wenyewe.

Basi ulikwenda. Tulipofika mteremko wa kwanza nje ya mji, nikasukuma mkono wa gia kutoka D ya mwendo hadi N ya nyutro, nikaegemea.

"Baba!" fundi akapiga kelele. "Umefanya nini?"

"Nimeokoa mafuta."

"Umeokoa nini?"

"Mafuta. Tukifika chini nitarudisha."

Tulifika chini, kasi imekwisha, kilima kiko mbele. Nikarudisha D, nikakanyaga. Gari likawaza, likaruka, tangi likapiga ukuta wa nyuma, na maji yakapita juu ya dirisha letu kama ndoo imemwagwa.

"Simama kando," akasema. Nikasimama. "Unafanya hivyo kila mteremko?"

"Kila mteremko."

"Tangu lini?"

"Tangu hujamaliza shule, binti yangu."

Aliweka kichwa kwenye dashibodi akacheka mpaka mabega yakatetemeka. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemheshimu mwanafunzi wake. "Hii injini ni ya kompyuta. Ukitoa mguu kwa mafuta gari ikiwa kwa gia, inafunga dizeli kabisa. Magurudumu ndiyo inazungusha injini, hainywi kitu. Ukiweka nyutro, injini imebaki peke yake, lazima inywe ndiyo isizime. Na ukirudisha D ukiwa kwa mwendo, giaboksi haijui iko wapi. Inatafuta. Wewe unakanyaga kwa nguvu kwa sababu kilima iko hapo, inashuka gia mbili mara moja. Hiyo ndiyo mbuzi yenu. Baba, hii gari haina shida. Uko na bahati haijakufa."

"Nimeendesha miaka thelathini," nikasema. Sikutaka kukubali, na sitajifanya sasa kwamba nilikubali upesi.

"Mkono wako ndiyo umeendesha. Sasa wacha gari iendeshe." Akanionyesha kitufe kidogo ubavuni mwa mkono wa gia. "Ukiwa na mzigo mlimani, finya hii, isitafute gia ya juu ikirudi ikienda. Ukifika tambarare, finya tena. Na kwa mteremko, usiguse kitu."

Usiguse kitu. Ni rahisi kusema. Safari mbili nzima nilipigana na mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa ukiinuka kama wa mtu anayefukuza nzi. Mwishowe nikaupa mahali pa kukaa: niliulaza juu ya goti la kushoto, mkono usio na kazi juu ya goti lisiloweza kazi, na hapo ukatulia.

Nilirudi kwenye kamati kabla mwezi haujaisha. Nikasimama, kwa sababu maneno mengine hayasemwi umekaa. "Gari halina kosa," nikasema. "Kosa lilikuwa la mkono wangu, na mnaweza kuliandika. Lakini sikubali liuzwe kwa ajili ya kosa langu. Mwenyekiti aje nami Ijumaa. Tujaze tanki mpaka mdomoni, twende na maji, turudi tujaze pale pale. Likila kama zamani, nitaleta funguo hapa mezani mwenyewe."

"Na kama unapiga domo tu, mzee wa kanisa?" mwenyekiti akasema. "Nitajuaje hutaongeza mafuta mengine njiani?"

"Utakuwa umekaa karibu nami. Lete na macho yako yote."

Ijumaa alikuja amevaa kofia yake ya lori. Tulijaza tanki, tukapakia maji, nikaomba kwa ufupi, tukatoka. Mlimani nikafinya kitufe, injini ikavuta kwa sauti moja bila kulia.  Kisha ukaja mteremko ule mrefu kabla ya Kajiado, ule ambao madereva wote wa umri wetu waliupenda.

"Haya sasa!" akasema, na mwili wake wote ukaegemea mbele. "Nyutro!"

"Hapana."

"Weka nyutro, bwana! Unachoma mafuta ya kanisa ukiangalia!"

"Hapana."

"Mimi ndiye nilikufundisha hii kitu!"

"Ndiyo, na nilikushukuru miaka ile. Leo hapana."

Mkono wangu ulikuwa umelala juu ya goti, nao ulitaka kuamka, Mungu ni shahidi. Tulishuka kwa gia, taratibu. Chini nikakanyaga kidogo tu, na gari likapanda upande wa pili bila kuruka. Tangi halikugonga. Mwenyekiti akageuka kutazama nyuma, akitafuta maji juu ya kioo. Hayakuwepo.

Kule shuleni tulipokelewa na bibi mmoja wa Kimaasai aliyetunza tangi lao. Alikuwa amechora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa tangi, mahali ambapo lita elfu moja zilipaswa kufika, na kila mara nilipomwaga alikuja kupima kwa kiganja. Wiki nyingi maji yalikuwa yameishia kiganja kizima chini ya mstari, na aliniambia wazi kwamba gari langu linakunywa njiani maji ya watoto.

"Sopa," akanisalimu.

"Ipa," nikaitikia.

Maji yakaingia. Akainama, akatazama mstari, akaweka kidole badala ya kiganja, kisha akakiondoa hata kidole. "Leo imekuja na shibe yake," akamwambia mwenyekiti, kana kwamba yeye ndiye aliyelifunga gari mdomo. "Ashe oleng," akatushukuru kwa lugha yake.

Tukarudi Kitengela, kituo kile kile cha mafuta, pampu ile ile. Mhudumu akajaza mpaka pampu ikakata yenyewe. Mwenyekiti hakuridhika. Akashika ukingo wa pikapu akaanza kuitikisa, kama tunavyofanya sote tukitaka hewa itoke na mafuta zaidi yaingie. Aliitikisa mpaka kofia ikamwangukia machoni. Nilimtazama tu. Mhudumu akaongeza tone, tone jingine, tanki likafurika.

Lita kumi na nne na nusu.

"Ile ya zamani ilikula kumi na tatu," akasema.

"Na ilibeba mitungi thelathini, lita mia sita. Hii imebeba lita elfu moja."

Akairudisha kofia kichwani. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu wa nyumbani, si ya mwenyekiti, "Lakini kwa nini unang'ang'ana hivi? Ya klachi ungeendesha tu."

Ndipo nikamwambia habari za goti. Nilikunja suruali, akaliona.

"Miaka hii yote? Kwa nini hukusema?"

"Mngenionea huruma. Na huruma ya kamati ina haraka ya kutafuta mtu mwingine."

 Akanyoosha mkono aombe funguo, akasema anataka kulifikisha gari uwanjani mwenyewe. Nikampa. Alitoka vizuri, akachapuka kidogo, kisha mguu wake wa kushoto ukaenda kutafuta klachi isiyokuwepo, ukaikuta breki. Tangi tupu likagonga kama kengele, na pua yangu ikakaribia kioo.

"Mguu wa kushoto ukae, ndugu," nikamwambia. "Wangu ulishakaa."

Jumapili baada ya ibada aliwaambia kamati maneno machache kuliko nilivyowahi kumsikia akisema. "Gari inabaki. Na dereva." Mtu mmoja akauliza kuhusu saluni. Mwenyekiti akamwambia aende akaoge.

Jumanne iliyofuata goti liliuma kama kawaida, nami nikashukuru kama kawaida. Nilipofika kisimani nilimkuta amesimama kando ya bomba na kofia yake, ingawa sikumwita. Alisema amekuja kukagua. Akapanda. Tulipofika ule mteremko mrefu kabla ya Kajiado nilimwona kwa pembe ya jicho: alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.