Daktari Akikimbia Bila Mkoba

Nakumbuka asubuhi moja pale Didia, mwanangu, nilipotoa kijiji kizima nje na marungu na mikuki kwa sababu tu nilikuwa nanyoosha miguu.

Nilikuwa daktari kijana, sijamaliza hata mwezi tangu nihamishiwe zahanati ile. Mbio nilizianza shuleni na sikuziacha nilipokwenda kusomea udaktari. Wenzangu walipotoka kwenda kunywa baada ya mitihani, mimi nilibaki nazunguka uwanja. Waliniita punda, nami, usicheke, sikuona tusi. Basi alfajiri ile nikavaa kaptula nyeupe, nikatoka zahanati mbio na kushika njia ya mashamba ya pamba.

Sasa jiweke katika nafasi ya watu wa pale. Enzi zetu mtu mzima hakimbii bila sababu. Anayekimbia anafukuza mwizi, au ni mwizi mwenyewe, au amebeba habari ya msiba. Na huyu ni daktari, anatoka mahali penye wagonjwa, hata salamu hatoi! Mama mmoja aliyekuwa akitoka kuchota maji, Bibi Minza, aliponiona aliuachia mtungi ukapasuka, akapiga mwano, ule ukelele wa hatari ambao Msukuma akiusikia haulizi, anatoka. Wakatoka kweli. Wakanizunguka pale nikiwa nahema, na jamaa mmoja akaniuliza nimemuua nani.

Binti wa Bibi Minza, Holo, alikuwa amelazwa kwangu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, mtoto amekaa vibaya tumboni, nami nilitaka awe karibu mpaka ajifungue. Mama yake alipofika akamkuta mzima anakunywa uji, alilia sana, kisha akafunga nguo za binti yake na kuondoka naye.

"Simwachi mwanangu kwa daktari anayekurupuka," alisema.

Hilo ndilo lililoniuma. Kuchekwa ningevumilia, lakini nilijua Holo akishikwa uchungu kule kwao ng'ambo ya mbuga, tungeweza kumpoteza yeye na mtoto wake. Jioni nikaenda kumwona mama yake. Nilikwenda kwa miguu, tena polepole mno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe kutembea unajua?"

Nikaomba radhi, halafu nikaanza kumweleza habari za moyo na mapafu, na jinsi mbio zinavyomjenga mtu. Aliniacha nimalize yote huku anapepeta mtama.

"Miguu ni yako, Daktari, sikatai," akasema. "Lakini roho iliyoruka asubuhi ni yangu. Umekuja kuishi na watu. Je, ulimwambia hata mmoja kwamba una hiyo tabia?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Nilidhani mbio zangu hazimhusu yeyote.

"Ukiitwa kwa mgonjwa unabeba ule mkoba wako wa dawa, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi. Tukikuona na mkoba tutajua pana shida. Tukikuona mikono mitupu, tutakuacha na wazimu wako."

Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, akalitangaza jambo hilo siku ya mnada, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini Holo hakurudishwa. Mama yake alisema siku ikifika ataniita, nami nikabaki na hofu hiyo kifuani. Hata hivyo asubuhi zangu zilikuwa tamu. Kina mama walionipita njiani walipaza sauti kunisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Daktari! Tuone mikono!" Nami nikaiinua juu huku nakimbia.

Mvua zilipokuja, mchana mmoja akafika mume wa Holo, matope mpaka magotini. Mkewe ameshikwa uchungu tangu jana na mtoto hatoki. Baiskeli ilikuwapo, lakini ule udongo mweusi wa mbuga hukwama kwenye magurudumu yasizunguke kabisa. Nikachukua mkoba, nikakimbia.

Nilipita shamba ambako vijana walikuwa wakilima pamoja, kila siku shamba la mwenzao. Sikuwaita, maana pumzi ya kuita sikuwa nayo. Nilisikia tu nyimbo za kulimia zimekatika. Nilipofika kwa Bibi Minza na kumpima Holo, nikaona hapa panahitajika kisu cha hospitali, si mikono yangu. Nikatoka nje nikiwaza nitambebaje. Mwanangu, ua lote lilikuwa limejaa! Vijana wale, majirani, hata yule aliyeniuliza nimemuua nani, wote wameuona mkoba wakanifuata. Nililia mbele yao bila aibu.

Tukamlaza Holo kwenye kitanda cha kamba, wakambeba kwa kupokezana mpaka barabarani, tukapata lori la mfanyabiashara wa Kihindi lililokuwa likirudi Shinyanga. Alipasuliwa jioni ileile. Mama mzima, mtoto wa kiume mzima. Mimi nilitegemea kimoyomoyo watampa jina langu, au walau jina la kuhusu mbio. Wakamwita Mabula, jina la mvua kwa Kisukuma, kwa kuwa mvua ilinyesha.

Baadaye nilihamishiwa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Kabla sijafungua sanduku la nguo, nilikwenda kwa nyapara wa kambi kumwambia, "Kesho utaona mtu anakimbia, ni mimi, ni mzima." Nimekimbia huko miaka mingi, nikacheza mpira na wachimbaji mpaka mvi zikanitoka.

Siku hizi naishi tena Didia, na mbio zangu ni kutembea kwa haraka tu. Mabula, mtu mzima sasa, akinipita na baiskeli yake hupunguza mwendo na kuuliza, "Babu, mkoba uko wapi?" Namwonyesha mikono mitupu, anaendelea na safari yake.

Nakushauri basi: utunze mwili wako kila siku, usingoje uugue. Na kile unachokipenda, usikifanye kama mtu anayeishi peke yake. Waambie majirani, wasikilize wanapokugombeza, kwa kuwa hao ndio watakaotoka nje siku yako ya shida. Mungu akupe miguu ya kukimbia mpaka uzeeni, na siku utakayobeba mkoba, ukigeuka nyuma uwakute watu.